Ulumbi Nje ya Darasa: Somo la Stadi za Mawasiliano na Mabaraza ya Kajiado

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi somo la stadi za mawasiliano lilivyoingia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na kuonyesha lile lililoachwa nje ya mlango wakati somo hilo lilipokuwa likiingia. Kielelezo chetu ni Kajiado, pamoja na mji wa Kitengela ulio upande wa kaskazini wa kaunti hiyo. Tumelichagua eneo hili kwa kuwa kusema mbele ya watu kumekuwa huko kazi yenye kanuni, yenye cheo na yenye gharama tangu kabla ya chuo chochote kujengwa.

Tuanze na chuo kikuu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kitengo cha Stadi za Mawasiliano kilianzishwa mwaka 1978, kikawekwa chini ya idara ya lugha za kigeni na isimu. Mahali kilipowekwa panasema mengi. Shule za msingi za Tanzania zilikuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na wahadhiri walilalamika kwamba wanafunzi hawakimudu Kiingereza cha mihadhara na vitabu. Kitengo kilizaliwa kuwa dawa ya upungufu huo. Nchini Kenya malalamiko yalifanana. Kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, lilifika vyuoni mwaka 1990, na somo hilo likawa miongoni mwa masomo ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana budi kuyapita, awe anasomea uhandisi au ualimu. Yaliyomo yanajulikana: kuandika muhtasari wa muhadhara, kutumia maktaba, kutunga insha yenye marejeo, na mwishoni kusimama mbele ya wenzake na kuwasilisha mada kwa dakika chache. Hayo yote kwa Kiingereza. Ni vyema ikumbukwe kwamba Bunge la Kenya lenyewe lilifungulia Kiswahili mlango mwaka 1974. Somo hili halikufanya hivyo.

Jambo linalostaajabisha ni kwamba katika Nairobi mjadala uliokwisha kufanyika ungeweza kulielekeza somo hili kwingine. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake ni fasihi ya Kiafrika, fasihi simulizi ikiwamo. Dai lao lilizaa matunda. Wanafunzi walitumwa vijijini kurekodi, na vitabu vikafuata. Mojawapo ni kile cha Naomi Kipury kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai, kilichochapishwa mwaka 1983. Lakini angalia kilichotokea. Fasihi simulizi iliingia chuoni ikiwa matini: ngano, vitendawili, methali na nyimbo zilizokwisha kuandikwa na kusubiri kuhakikiwa. Ustadi wa yule mtu aliyesimama na kusema haukufundishwa. Ulikuja kukabidhiwa chumba kingine, kile cha stadi za mawasiliano, ambako ulifundishwa kana kwamba haukuwahi kuwapo. Hivyo mwanafunzi mmoja angeweza kumhakiki mlumbi asubuhi, na alasiri akaelezwa jinsi ya kusimama mbele ya watu kwa maelezo yasiyomtaja mlumbi hata mara moja. Kwa maoni yetu, hili ndilo kosa kubwa la somo hili, na ni kosa la kihistoria kuliko la wahadhiri wanaolifundisha.

Sasa twende Kajiado. Mkutano wa wazee wa Kimaasai huitwa enkiguena, na kutokana na mzizi huo huo hupatikana jina la olaiguenani, yaani msemaji anayeteuliwa na rika lake. Alama ya cheo chake ni rungu jeusi. Paul Spencer, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya Wamaasai wa Matapato, kusini mwa Kajiado, aliyapa mabaraza hayo nafasi kubwa. Mzungumzaji husimama akiwa na fimbo mkononi, hutembea huku akisema, na waliokaa chini humsikiliza. Shauri haliamuliwi kwa kuhesabu mikono. Linazungushwa mpaka liive, na sifa ya msemaji bora si kumshinda mpinzani bali kuyakusanya yaliyosemwa na wengine, akayarudisha kwao yakiwa kauli moja ambayo kila mmoja anaitambua kuwa na sehemu yake. Huu ni ustadi wa kusikiliza kabla ya kuwa ustadi wa kusema. Katika orodha za kutolea alama ambazo tumepata kuziona, hauna nafasi.

Tusiupambe ulumbi huu kupita kiasi. Baraza lilikuwa la wanaume, na la wazee zaidi ya vijana. Msichana wa Kajiado anayesimama leo darasani kueleza utafiti wake amepewa nafasi ambayo enkiguena haikumpa, na hilo ni jema la somo hili ambalo mhakiki mwaminifu hana budi kulikiri. Pia ulumbi peke yake haukuwatosha wenyewe. Mwaka 1904 na tena mwaka 1911 viongozi wa Kimaasai waliingia katika mapatano na Waingereza kwa kupitia wakalimani. Kwa mapatano ya kwanza waliondolewa katika Bonde la Ufa. Kwa yale ya pili waliondolewa Laikipia na kusukumwa kusini. Parsaloi ole Gilisho, ambaye Waingereza waliliandika jina lake Legalishu, alikuwa msemaji wa rika lake, naye alipinga uhamisho huo wa pili. Shauri lilipofikishwa mahakamani mwaka 1913, halikusikilizwa kwa haki yake wala kwa ubaya wake. Mahakama iliamua kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mamlaka mbili, na kwamba mahakama za kawaida hazina uwezo wa kuuingilia. Waliozoea kwamba neno husikilizwa hadi mwisho walikutana na chombo ambacho kazi yake ya kwanza ni kuamua ni neno gani linalostahili kusikilizwa.

Kitengela ilipata somo la namna hiyo kwa njia ya polepole. Sheria ya mwaka 1968 ilizitambua ranchi za vikundi, ikaagiza kila kikundi kichague wawakilishi wasiopungua watatu na wasiozidi kumi. Mashauri yaliendelea kusemwa chini ya mti, lakini nguvu ilikuwa imehamia kwenye kumbukumbu za mkutano na sahihi za wachache. Ranchi ya Kitengela, katika nchi ya Wakaputiei, iligawanywa kwa wanachama katika miaka ya 1980. Hati zikatolewa, viwanja vikakatwa, na mbuga iliyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ikageuka mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliukuta na wakazi zaidi ya 150,000.

Vyuo vikuu vimefuata watu. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kilianza masomo Ongata Rongai, katika eneo la Kajiado, mwaka 1994. Darasa la huko si la Wamaasai pekee, na hatudai kwamba kila mwanafunzi afundishwe kushika rungu. Tunadai kitu kidogo zaidi. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mzee kichwa ili aguswe utosini, ndiyo heshima. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo, akisimama mbele ya mhadhiri mwenye mvi, ataelekeza macho chini, na karatasi ya alama itaandika kwamba hakuwatazama wasikilizaji. Somo linaloitwa la mawasiliano lingepaswa walau kujua kwamba hapo mawasiliano yamefanyika. Lingeweza pia kumtuma mwanafunzi barazani akasikilize, kisha arudi kueleza jinsi kauli moja ilivyopatikana kutoka vinywa ishirini.

Na kama anahitajika mtihani ulio karibu, upo katika kikao cha bodi ya kudhibiti ardhi. Anayetaka kuuza shamba hufika na familia yake, na mke huulizwa kama ameridhia. Mara nyingi swali huulizwa kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kimaasai, na jibu huandikwa kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma chuo kikuu ndiye anayesukumwa mbele na jamaa zake asimame katikati ya lugha hizo tatu, huku mama yake akingoja kusikia kilichoandikwa.