Tanzania: Jinsi somo la biolojia linavyopangwa katika kidato cha kwanza

Mwanafunzi wa Tanzania anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali amejifunza sayansi kwa Kiswahili tangu utotoni. Mwezi Januari unaofuata anaingia kidato cha kwanza, anakuta somo jipya liitwalo biolojia, na lugha ya kufundishia imegeuka kuwa Kiingereza. Mwalimu wake ana mwaka mmoja wa kumjengea msingi, na vipindi alivyo navyo ni vichache kuliko vinavyoonekana kwenye ratiba.

Suala hili haliwahusu Watanzania peke yao. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili katika nchi jirani huwapeleka watoto wao kwenye shule zinazofundisha sayansi kwa lugha nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi somo hilo linavyopangwa, mahali mpango unapokwama, na jambo ambalo mzazi anaweza kulifuatilia.

Nyaraka tatu za mwalimu

Mpango wa somo lolote katika shule ya sekondari nchini Tanzania huwa na ngazi tatu. Ya kwanza ni muhtasari, unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutumika nchi nzima. Muhtasari hueleza mada, malengo na kiwango kinachotarajiwa. Ngazi ya pili ni azimio la kazi, ambalo mwalimu huliandaa mwenyewe ili kuzigawa mada hizo katika miezi na wiki za mwaka. Ya tatu ni andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja kimoja: nini kitafanyika, kwa zana gani, na mwalimu atajuaje kwamba wanafunzi wameelewa.

Muhtasari haumpi mwalimu nafasi kubwa ya kuchagua. Nafasi hiyo ipo katika azimio la kazi, na ndipo somo linapofaulu au kuharibika.

Mada za mwaka wa kwanza

Kwa takribani miongo miwili shule zilifuata muhtasari wa mwaka 2005, ambao uliifanya biolojia kuwa somo la lazima hadi kidato cha nne. Mada zake za kidato cha kwanza zilikuwa tano: utangulizi wa biolojia, usalama katika mazingira, afya na kinga ya mwili, muundo wa seli, na uainishaji wa viumbe hai. Mitaala mipya, iliyoanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, inabadili mpangilio wa masomo, lakini mada hizo tano bado ni mfano mzuri wa kozi ya utangulizi.

Mpangilio huo una hoja yake. Mwanafunzi anaanza na mambo anayoyaona nyumbani, kama vile huduma ya kwanza, taka na magonjwa, kisha anashuka hadi kwenye seli asiyoweza kuiona kwa macho. Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4 ambao sasa unaondolewa, kidato cha kwanza kilifuata njia nyingine. Baada ya utangulizi mwanafunzi aliingia moja kwa moja kwenye uainishaji, kisha seli na utendaji wake, na hatimaye lishe ya mimea na wanyama. Njia ya Kenya ilimfikisha mapema kwenye kiini cha biolojia. Ile ya Tanzania ilihakikisha kwamba hata mtoto ambaye angeacha shule baada ya mwaka mmoja angekuwa amefundishwa namna ya kujikinga na maradhi.

Hesabu ya vipindi

Tuchukue mfano wa shule yenye vipindi 3 vya biolojia kwa wiki, kila kimoja dakika 40, katika mwaka wenye wiki 36 za masomo. Kwenye karatasi hivyo ni vipindi 108. Mwalimu akitenga wiki 6 za mwanzo kwa ajili ya kozi ya kuwazoesha wanafunzi Kiingereza, vipindi 18 vinaondoka. Majaribio na mitihani ya mihula miwili ikichukua wiki 4, vinaondoka 12. Sikukuu, michezo na siku za dharura zikila vipindi 8, vinabaki 70.

Azimio la kazi linaloandikwa kwa vipindi 108 litakuwa limechelewa kabla ya mwezi wa tano. Mwalimu atalazimika kukimbia mwishoni mwa mwaka, na mada inayoathirika ni ile ya mwisho, uainishaji wa viumbe, ambayo vidato vinavyofuata huirudia na kuipanua. Kwa vipindi 70, mgawanyo unaowezekana ni huu: utangulizi 8, usalama 10, afya na kinga 16, seli 16, uainishaji 14, na marudio 6. Namba hizi si sheria. Jambo la msingi ni kuhesabu vipindi vitakavyofundishwa kweli, kisha kuamua kipi kitapewa muda mrefu na kipi kitapitiwa kwa haraka.

Kalenda ya mvua nayo inahusika. Katika mikoa inayopata masika kati ya Machi na Mei, mada ya magonjwa ikiwekwa miezi hiyo mwalimu atapata viluwiluwi vya mbu katika kila dimbwi. Lakini mikoa ya kati na ya kusini hupata msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Azimio lililonakiliwa kutoka shule ya mkoa mwingine linaweza kumpeleka mwalimu dimbwini wakati wa kiangazi.

Neno moja, maana mbili

Ugumu wa kubadili lugha haumo katika istilahi ngeni peke yake. Kiswahili kina istilahi za kisayansi za kutosha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mtego mkubwa zaidi umo katika maneno ya kawaida ambayo mwanafunzi anadhani anayajua, hali sayansi inayatumia kwa maana nyingine.

Neno la kwanza ni mdudu. Nyumbani mtoto husikia kwamba mtu mwenye homa "ana wadudu wa malaria". Darasani anafundishwa kwamba mdudu ni mnyama mwenye miguu sita, na kwamba mbu ni mmoja wao. Asipoelezwa tofauti, atachora kimelea cha malaria kikiwa na miguu. Kimelea hicho, Plasmodium, ni kiumbe cha seli moja kinachosafirishwa na mbu jike wa jamii ya Anopheles.

La pili ni kupumua. Katika mazungumzo ya kila siku ni kuvuta hewa na kuitoa. Katika biolojia lipo pia tendo linalofanyika ndani ya kila seli hai, ambapo chakula huvunjwavunjwa ili kutoa nishati. Mbegu ya haragwe inayoota haina mapafu, lakini seli zake zinafanya kazi hiyo usiku na mchana.

La tatu ni chakula cha mmea. Mkulima husema mbolea ni chakula cha mahindi. Biolojia inasema mmea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, kwa kutumia mwanga, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Mbolea inauongezea madini tu.

La nne ni takamwili. Wengi hufikiria kinyesi, lakini kinyesi kina mabaki ya chakula ambayo hayakusagwa wala kuingia katika seli. Takamwili kwa maana ya kibiolojia ni zile zinazotokana na kazi za seli zenyewe, kama vile urea iliyomo katika mkojo na kabonidayoksaidi tunayoitoa kwa pumzi.

Azimio zuri la kazi huorodhesha maneno ya namna hii mwanzoni mwa kila mada na kuyatengea dakika chache. Mwanafunzi akishalielewa wazo kwa lugha anayoifikiria, jina lake la Kiingereza huwa ni kibandiko tu. Akipewa kibandiko kabla ya wazo, atakikariri bila kujua kimebandikwa juu ya nini.

Kuona kabla ya kutaja

Shule nyingi hazina maabara kamili, lakini kozi ya utangulizi haihitaji vifaa vingi. Ikiwapo hadubini moja, darasa hugawanywa katika vikundi vinavyopokezana wakati wengine wakichora au wakijibu maswali.

Ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, ikiwekwa juu ya kioo na kudondoshewa tone la iodini, huonyesha seli zilizopangwa kama matofali, kila moja ikiwa na kiini chake. Hapo swali huzuka: kitabu kinaonyesha seli ya mmea yenye kloroplasti za kijani, mbona hizi hazina? Jibu ni kwamba sehemu hiyo ya kitunguu ina kazi ya kuhifadhi chakula, haikitengenezi. Kipindi kinachoachia nafasi swali hilo humfundisha mwanafunzi kwamba mchoro wa kitabuni ni muhtasari wa seli nyingi, na kwamba anachokiona kina uzito.

Viluwiluwi vya mbu vikiwekwa ndani ya chupa iliyofunikwa kwa chandarua huonyesha hatua za ukuaji. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua takribani siku 7 hadi 14, kutegemea joto. Viluwiluwi vya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, ilhali vya Culex huning'inia kwa mshazari. Kwa macho yake mwenyewe mwanafunzi anaweza kutofautisha jamii inayoeneza malaria na nyingine. Maji hayo humwagwa kwenye ardhi kavu kabla mbu hawajatoka.

Uainishaji una faida gani

Mada ya uainishaji ndiyo inayolalamikiwa zaidi, kwa kuwa hufundishwa kama orodha ya majina. Inapata uhai ikifungamanishwa na mada ya magonjwa. UKIMWI husababishwa na virusi, kipindupindu na bakteria, malaria na kiumbe wa himaya ya Protoctista, mapunye na fangasi, na safura na minyoo, ambayo ni wanyama. Kila kundi lina tiba yake. Antibiotiki huua bakteria au kuzuia ukuaji wao. Haziwezi kutibu mafua, ambayo huletwa na virusi. Kuzitumia ovyo huwapa nafasi bakteria walio sugu kuongezeka, na dawa hizo hizo zinaweza kushindwa siku zinapohitajika kweli.

Hivyo swali zuri la jaribio halitamwambia mwanafunzi ataje himaya tano na kuishia hapo. Linaweza kuuliza: mtoto ana mafua, na jirani anashauri apewe antibiotiki zilizobaki nyumbani, je, utamshauri nini, na kwa sababu gani? Anayeweza kujibu swali hilo amejifunza uainishaji, afya na seli kwa pamoja. Jibu kama hilo haliandaliwi kwa kukariri usiku mmoja, na ndiyo sababu mwalimu anapaswa kuandika maswali ya mwisho wa mada kabla hajaanza kuifundisha.

Mzazi aulize nini

Mzazi asiyejua Kiingereza hana sababu ya kujiona amefungiwa mlango. Anaweza kumwomba mtoto amweleze kwa Kiswahili alichojifunza wiki hiyo: kwa nini mbegu inahitaji hewa, au kimelea cha malaria kina umbo gani. Mtoto akieleza vizuri, wazo limeingia, na lugha ya mtihani itafuata kwa mazoezi. Akiweza kutaja neno la Kiingereza pekee bila kulieleza, mzazi amegundua pengo mapema, wakati mwalimu bado ana vipindi vya kulirekebisha.

Vilevile mzazi anaweza kuuliza shuleni, kwa heshima, mada ipi imefikiwa na ipi imebaki. Azimio la kazi si siri. Kwa mtoto ambaye hataendelea na sayansi, masomo hayo ya awali huenda yakawa nafasi yake ya mwisho ya kufundishwa kwa utaratibu jinsi mwili wake unavyofanya kazi na jinsi unavyougua.