Upinde wa tabaka: kabla ya seti kuna mafundi wasiojulikana

Mwaka 1922 kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa kule Misri, watu walikodolea macho dhahabu. Kumbe humo ndani mlikuwa na pinde pia, na baadhi hazikuchongwa kwa mti mmoja. Ni tabaka: mbao katikati, pembe upande wa mpigaji, kano za mnyama upande wa mbele, zote zimeshikwa na gundi. Pembe inavumilia kubanwa, kano zinavumilia kuvutwa. Akili kubwa! Majina ya mafundi hao hayajulikani.

Leo kijana wa Marekani anaagiza seti, analetewa vipande vyembamba vya mbao na faiba, anapaka gundi ya epoksi, anavibana kwenye fomu na kuvipasha joto. Kesho yake vimeshakauka. Fundi wa Kituruki wa zamani alisubiri miezi kibao.

Ila gundi haina utani. Ukishika tabaka na vidole vyenye mafuta, au ukiacha mwanya wa hewa, upinde unaweza kufumuka ukiwa umeuvuta, tena karibu kabisa na uso. Ndo maana wazoefu huuvuta kidogo kidogo kwanza, masikio wazi, wakisubiri kama utalia “tk”.