Tanuri la Matete: Ujuzi wa Feleji wa Wahaya na Mjadala wa Wanasayansi

Feleji ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Kaboni ikipungua mno, chuma huwa laini. Ikizidi, huwa chepesi kuvunjika. Kwa hiyo mfua chuma hupimwa kwa uwezo wake wa kuitawala kaboni hiyo. Insha hii inachunguza jinsi ujuzi huo wa Wahaya, ambao nchi yao leo imo hasa katika Bukoba, Muleba na Missenyi, ulivyoingia katika maandiko ya sayansi. Inadai kwamba ushahidi ulio imara zaidi umo katika matete yaliyowekwa chini ya tanuri, ingawa sifa ya ujuzi huo ilienea kutokana na madai ya joto kali.

Utafiti ulianzia kwenye masimulizi. Huko Katuruka, karibu na Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, wenyeji walisimulia kuwa Mfalme Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma penye mti wa Kaiija. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba mahali hapo, akakuta mabaki ya ufuaji chuma ya kale zaidi kuliko enzi ya mfalme huyo. Mabaki mengine yalipatikana Kemondo, kwenye njia iendayo Muleba.

Mwaka 1976 Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa metali, walishirikiana na wazee wa Kihaya kujenga tanuri upya. Uyeyushaji wa kienyeji ulikuwa umekoma miongo kadhaa kabla, baada ya chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kuenea; wazee walitegemea kumbukumbu. Walijenga kuta kwa udongo wa kichuguu, wakaingiza mabomba ya udongo hadi ndani ya tanuri, kisha wakapuliza hewa kwa mivukuto. Shimo la chini walilijaza matete yaliyochomwa hadi kuwa makaa. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka, yakiwa bado na oksaidi ya chuma, yalipenya katikati ya makaa hayo. Kaboni iliiondoa oksijeni, na chuma kikajichukulia kaboni papo hapo.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Waandishi walidai kuwa feleji ilitengenezwa eneo hilo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba hewa iliyopashwa moto ndani ya mabomba iliwezesha joto kupita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Ulaya ilianza kutumia hewa moto katika tanuri za chuma mwaka 1828, hivyo dai hilo lilivuta macho ya wengi. Mwaka 1986 J. E. Rehder alilipinga, akieleza kuwa bomba la udongo haliwezi kuipasha hewa kwa kiasi hicho.

Pingamizi hilo linagusa tafsiri moja tu. Alama za matete zilizobaki katika mavi ya chuma ya kale zinaonyesha kuwa wahunzi wa zamani nao walitandika matete, na kazi ya makaa yake inaelezeka hata kama hewa iliingia ikiwa baridi.

Kwa hiyo heshima ya wahunzi hao haihitaji ushindani na Ulaya. Inatosha kuonyesha kuwa walijua mahali pa kuiweka kaboni ili ikutane na chuma, na kwamba maabara isingeuliza swali hilo kama wazee wasingekwenda kukata matete.