Ujiji na Mizizi ya Dhana Mbaya juu ya Mwanamume Mweusi

Katika karne ya 19 Ulaya ilimpachika mwanamume Mweusi sifa nyingi mbaya: mvivu, mlevi, mwenye tamaa, asiyeaminika. Sehemu kubwa ya sifa hizo iliandikwa na wasafiri waliomtegemea yeye kwa kila hatua ya safari, na Ujiji, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ni mfano wa wazi.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo Februari 1858. Burton alikuwa hoi kwa homa, miguu imekufa ganzi; Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Walitaka kujua kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, lakini mitumbwi na wapiga kasia walikuwa mikononi mwa Kannena, mtawala wa Kawele, kijiji cha Ujiji. Baada ya mabishano marefu ya hongo (ushuru wa wasafiri) na ujira walifika Uvira, wakaambiwa kuwa mto unaingia, wakarudi bila kuuona.

Katika kitabu chake cha 1860, Burton aliwaeleza Wajiji kuwa wajeuri na walafi, wanaodai shanga hata kwa kumwonyesha mgeni njia. Hukumu hiyo haikuwa yake peke yake. Wafanyabiashara wa Kiarabu, wenye ugomvi wao na wenyeji, walikuwa wameshamjaza maneno. Lakini Ujiji ilikuwa soko, na shanga ndizo zilizokuwa fedha yake. Samaki na mafuta ya mawese vilinunuliwa kwa shanga, na kazi ya mtu vilevile. Aliyeomba ujira kwa kuonyesha njia alikuwa anauza kazi yake, na hapakuwa na ubaya wowote katika hilo. Msafiri mgonjwa, mwenye haraka, aliiona bei akaiita tabia, kisha tabia ya wachache akaibandika taifa zima.

Mwaka 1863 Burton alishiriki kuunda Chama cha Anthropolojia cha London. Mwaka huohuo rais wa chama hicho, James Hunt, alisoma mada iliyodai kwamba mtu Mweusi yuko chini ya Mzungu kwa maumbile. Kero za safarini zikavikwa joho la sayansi.

Ushahidi wa kinyume ulikuwepo. Susi na Chuma, watumishi wa msafiri David Livingstone, waliokuwa naye Ujiji mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley alipofika, waliongoza wenzao kuubeba mwili wa Livingstone, alipokufa, kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, pamoja na shajara zake. Hata hivyo hawakuwepo alipozikwa London Aprili 1874. Waliitwa Uingereza baadaye.

Dhana za aina hii hazikuwa za Wazungu tu. Waungwana wa Ujiji waliwaita washenzi watu wa Manyema waliovushwa ziwa kutoka Kongo, wengi wao wakiwa watumwa, na uvumi wa ulaji watu ukawafuata. Uvumi huo uliwafaa wafanyabiashara wa watumwa, maana aliyekwisha kuitwa mnyama huuzwa bila kuonewa haya.

Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, eneo la Kigoma, ulipo mji wa Ujiji, lilifanywa chimbuko la vibarua. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu na mazao ya kuuza yalikuwa machache, hivyo vijana wa Kiha, kabila la eneo hilo, walikwenda kukata mkonge Tanga kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Waliowaona huko wakadhani Muha amezaliwa kwa kazi ngumu, wakaisahau kodi iliyomtoa kwao.