Keki ya Kupindua na Maneno Yaliyoileta Mengo

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Mengo hawezi kulikwepa swali hili: lugha hii yatuhusu nini sisi watu wa Buganda? Swali hilo si la ujeuri. Waganda wengi walikisikia Kiswahili vinywani mwa askari, hasa katika miaka ya 1970, na kabla ya hapo, mwaka 1929, Kabaka Daudi Chwa wa Pili alikuwa ameandika waziwazi kupinga kufanywa kwake lugha rasmi ya nchi. Mimi hulijibu swali hilo kwa keki.

Keki nisemayo ni ile ya kupindua. Matunda hupangwa chini ya chombo, unga uliokorogwa humiminwa juu yake, na ikiisha kuiva hupinduliwa ili matunda yawe juu. Chanzo chake ni werevu wa watu wasiokuwa na tanuri la kutegemea: walioka keki katika kikaango juu ya moto, wakitumia matufaha au matunda mengineyo. Nanasi lilifuata baadaye. Asili ya tunda hilo ni Amerika ya Kusini. Columbus alilikuta katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na Wareno wakalieneza Afrika na Asia. Mwaka 1911, huko Hawaii, Henry Ginaca alibuni mashine ya kumenya nanasi na kutoa moyo wake, na pete za nanasi za makopo zikawa nyingi. Kampuni ya mananasi ya huko ilipoitisha shindano la mapishi mwaka 1925, barua zilifika kwa maelfu, na nyingi zilieleza keki hii.

Je, Mengo iliipataje? Hapo ndipo lugha inapotoa ushahidi. Wafanyabiashara kutoka Unguja walifika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili mwaka 1844. Walileta nguo na bunduki, wakachukua pembe za ndovu na, ole wetu, watumwa pia. Wamisionari wa Kiingereza waliofika mwaka 1877 nao walianza kusomesha kwa Kiswahili, kwa kuwa barazani kilikwisha kujulikana. Vitu vigeni viliingia pamoja na majina yake. Mayai na maziwa vilikuwapo, vikabaki na majina ya Kiganda: amagi na amata. Bali ngano ni eŋŋaano, mkate ni omugaati, sukari ni ssukaali, nanasi ni ennaanansi, sufuria ni esseffuliya, sahani ni essowaani, na kijiko ni ekijiiko.

Wanafunzi na waitazame sauti ya r. Katika maandishi ya Kiganda herufi hiyo hufuata e na i tu. Kwingineko huandikwa l. Kwa hiyo sukari na sufuria zimepata l, lakini sigiri, yaani jiko la makaa, neno lililotoka kwa Wahindi, limebaki na r. Maneno hayo hayakuibwa wala hayakulazimishwa. Yalipokewa kama wageni, yakavishwa nguo za nyumbani.

Sukari ina historia yake. Nanji Kalidas Mehta alifungua kiwanda Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafuata huko Kakira mwaka 1930. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 viwanda vilidhoofika, sukari ikaadimika, na keki ya nyumbani ikawa anasa. Sukari ilipopatikana kwa njia za panya, watu waliita biashara hiyo magendo. Hata katika dhiki, neno lilikuwa la Kiswahili.

Tuingie sasa jikoni. Yeyusha vijiko viwili vya siagi katika sufuria nzito, tandaza vijiko vinne vya sukari, kisha panga vipande vya nanasi vilivyokaushwa maji. Saga pamoja gramu 125 za siagi na kiasi hicho hicho cha sukari, tia mayai matatu moja moja, halafu gramu 200 za unga wa ngano na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Ukiwa mzito mno, ongeza maziwa kidogo. Mimina, funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kwani moto wa chini ukizidi sukari huungua na keki huwa chungu. Watu wa pwani huita kazi hii kupalia makaa, na ndivyo waokavyo mkate wa kumimina. Baada ya dakika 40 hivi, choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, epua, ngoja dakika 10, kisha pindua juu ya sahani. Ukipindua mara moja itavunjika. Ukingoja ipoe kabisa, nanasi litagandamana na sufuria.

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini amri haipendezi lugha masikioni mwa mtoto. Basi, walimu wenzangu, somo la kwanza lianzie jikoni. Mtoto ataje vyombo vya mama yake kwa Kiganda, kisha avitaje kwa Kiswahili. Atagundua kwamba lugha anayoiita ngeni imekuwa ikila naye siku zote.