Chakula Kilichoivia Kwenye Nyasi

Kila Oktoba hapa Leeds, giza linapoanza kuingia mapema, mimi huwakumbuka akina mama wa Uingereza waliovuka majira ya baridi ya Vita vya Pili vya Dunia kwa akili ya jikoni. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940 kwa siagi na sukari, ukaisha Julai 1954. Nguo nazo ziliingia kwenye mgao mwaka 1941. Sweta lililochakaa lilifumuliwa, uzi ukaoshwa, zikafumwa soksi za mtoto.

Ninachokipenda zaidi ni lile sanduku la nyasi. Mama alichemsha supu ya mboga asubuhi, akafunika sufuria vizuri, akaitia ikiwa bado inatokota ndani ya sanduku lililoshindiliwa nyasi kavu, juu akaweka mto. Moto ulizimwa, chakula kikaendelea kuiva chenyewe kwa saa nyingi. Mimi hufanya hivyo kwa blanketi kuukuu na wali, na hakika unaiva, punje kwa punje.

Mapema mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha, theluji ilikwamisha treni za makaa na umeme ukawa unakatwa majumbani. Naamini aliyekuwa bado na sanduku lake siku zile alilala ameshiba.