Kutoka Kitanzi hadi Kipande: Historia ya Ukadiriaji wa Umeme ndani ya Kasha la Chipu

Historia ya kompyuta huelezwa mara nyingi kwa kuhesabu transista. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu za leo zina mabilioni. Masimulizi hayo huiacha nje njia ambayo umeme hupitia ili kuzifikia transista hizo, yaani bamba za shaba, nyaya nyembamba na miguu ya kasha linaloibeba chipu. Makala haya yanadai kwamba sehemu hiyo iliyosahauliwa imeiwekea mpaka kasi ya chipu mara nyingi kuliko inavyokubaliwa.

Tatizo lenyewe ni la kale. Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba badiliko la uga wa sumaku huzalisha volteji. Mkondo ukibadilika kwa ampea 1 ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, katika njia yenye indaktansi ya sehemu moja ya bilioni ya henri, volti 1 nzima hupotea njiani. Saketi za volti 5 ziliweza kuistahimili hasara hiyo, tena kwa shida. Chipu ya volti 1 haibakiwi na kitu.

Ugumu ulikuwa katika kuikadiria indaktansi yenyewe. Kwa fasili ya kawaida, indaktansi ni sifa ya kitanzi kizima, njia ya kwenda pamoja na ya kurudi. Ndani ya kasha, mkondo unaorudi hujitawanya katika bamba na nyaya nyingi, na mhandisi hajui mapema utapita wapi. Albert Ruehli wa IBM alilifungua fundo hilo mwaka 1972. Alilirejea wazo ambalo Edward Rosa alikuwa amelitumia mwaka 1908: kila kipande cha waya kipewe indaktansi yake, kana kwamba njia ya kurudi iko mbali kusiko na kikomo. Vipande vikiunganishwa kuwa saketi, kitanzi hujiunda chenyewe na mkondo hujichagulia njia. Mwaka 1974 aliutandaza utaratibu huo, pamoja na kapasitansi, kwenye miundo ya pande tatu. Milinganyo ya Maxwell ikawa saketi ambayo mhandisi wa kawaida angeweza kuisoma. Hiyo, pengine kuliko hesabu zenyewe, ndiyo sababu ya mbinu yake kudumu.

Gharama yake haikuwa ndogo. Kila kipande huathiri kila kingine, hivyo vipande 1,000 hudai jedwali la namba 1,000,000. Mwaka 1994 Kamon, Tsuk na White walieleza programu ya FastHenry, iliyokadiria athari za vipande vya mbali kwa makundi.

Mwaka 1999 Larry Smith na wenzake wa Sun Microsystems walieleza namna ya kuweka lengo la impidansi: volteji huzidishwa kwa asilimia ya mtikisiko unaoruhusiwa, kisha hugawanywa kwa badiliko la mkondo. Kwa volti 1, asilimia 5 na ampea 100, lengo ni omu 0.0005, nalo lapasa kutimizwa katika masafa yote yanayohusika. Kapasita huvuta impidansi chini, lakini bamba nazo zina mwenendo wao. Jozi ya bamba za mraba zenye upande wa sentimita 15, zilizotenganishwa na kihami ambacho kipeo chake cha dielektriki ni 4, huanza kuvuma karibu na megahezi 500. Hapo kapasita iliyowekwa mbali na chipu haiisaidii tena, na mhandisi hulazimika kuurudia uga wenyewe.